Theluji Si ya Gunnvor Peke Yake

Jumatatu, 3 Februari

Gunnvor amepiga simu tukiwa mezani, kama kawaida yake. Mama mkwe wangu wa zamani hajawahi kukubali kwamba talaka ile ilimhusu na yeye. Amenitaarifu, hakuniuliza, kwamba Pasaka hii atamchukua Embla kwenye kibanda chake cha mlimani na kumvalisha ski, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, kwa mara ya kwanza. Mtoto ana miaka minne, amesema, na bado hajateleza hata kidogo. Majirani wameanza kuuliza.

Nikamjibu kwamba mwanangu nitamfundisha mwenyewe. Akasema, kwa upole ambao ni mbaya kuliko ukali: "Torunn mwanangu, wewe umezaliwa Bergen. Mfundishe mtoto mwavuli. Theluji tuachie sisi."

Kweli, Bergen ni mvua tupu. Kweli, ski za utotoni mwangu zilikaa darini mpaka zikaota kutu. Lakini mtu anaweza kufundisha jambo asilolimudu. Nimefanya hivyo chuo kikuu kwa miaka, bila malalamiko yoyote ya maana. Nikasema likizo yetu ya majira ya baridi imekwisha kupangwa. Haikuwa imepangwa. Sasa imepangwa.

Vegard, baba yake Embla, ameombwa kuamua. Ni mtu anayependa amani kiasi cha kuudhi. Ameandika kwamba mtoto akitoka likizo akitaka kurudi kwenye ski, Pasaka atakaa nami. Akitoka amezichukia, Pasaka ni ya bibi yake. Nimekubali. Pasaka iliyopita nilikuwa mimi, redio na chungwa moja. Sitaki kuirudia.

Jumamosi, 8 Februari

Dukani. Binti muuzaji amenishauri ninunue ski zenye manyoya chini, zisizohitaji kupakwa chochote. Watoto wote wa chekechea wanazo. Nimezikataa kwa msimamo. Gunnvor huziita ski za watalii, na sitampa furaha hiyo. Nikasema nataka za kupaka. Binti akauliza nani atazipaka. Mimi, nikasema. Akanitazama upya, akauliza tunatokea wapi. Hapa hapa Oslo, nikasema, jambo ambalo ni kweli kwa kiasi.

Suala lenyewe si gumu. Theluji ikiwa baridi na kavu, chini ya ski hupakwa nta ngumu. Ikiwa imeyeyuka na kushikamana, hupakwa gundi ya tyubu, nzito kama asali. Ukikosea, ama utarudi nyuma, ama hutakwenda kokote. Gunnvor hufungua mlango, akanusa hewa, akajua. Mimi nimesoma makala ya kisayansi kuhusu fuwele za theluji. Nadhani inatosha. Au pengine haitoshi, nimeongeza nyingine.

Mazoezi sebuleni. Zulia ndilo theluji, sofa ndiyo mlima. Embla amezipa ski zake majina: wa kulia Soseji, wa kushoto Mjomba. Akasimama juu yao, akala chakula chake cha jioni hapo hapo, kisha akauliza kama tumeshafika. Jirani wa chini amegonga dari yake kwa fagio. Mtu asiye na maono.

Jumamosi, 15 Februari

Tumefika. Kibanda ni cha mwenzangu wa idarani, nami nimekichagua kwa sababu moja kubwa: kwenye ramani, barabara kutoka kibanda cha Gunnvor mpaka hapa inazunguka ziwa lote. Hatatukuta kwa bahati mbaya. Hatatukuta kabisa.

Mzazi mmoja, mikono miwili. Barabara inaishia mbali na mlango, na kutoka hapo mizigo huburutwa kwa sleji, kitoroli kisicho na magurudumu. Nimegundua kanuni: ukianza kumpakia mtoto, mizigo huanguka, ukianza kupakia mizigo, mtoto hushuka. Embla alishuka. Akatembea kwa miguu yake, akafika mlangoni kabla yangu, akanisubiri kama mwenye nyumba. Sleji, kwa upande wake, ilipenda mteremko na kwenda kuutazama peke yake.

Nimesahau kile kikalio cha sponji ambacho kila mtu mwenye akili hukitundika karibu na jiko la kuni na kukichukua kikiwa na joto anapokwenda choo cha nje. Sikusahau tasnifu za wanafunzi. Nimeleta zote.

Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. Embla akauliza kwa nini baba hayupo awashe moto. Nikasema moto anauwasha mama.

"Lakini hauwaki," akasema.

Hauwaki kwa sababu mlango wa bomba la moshi ulikuwa umefungwa. Hilo nililijua baadaye kidogo, tulipokuwa nje tukikohoa. Sasa unawaka. Embla amelala juu ya mkono wangu wa kulia, naandika kwa wa kushoto, na sitausogeza huu wa kulia hata ukifa ganzi. Hili ndilo ninalogombea, ikiwa kuna mtu anayetaka kujua.

Kipimajoto kinasema sifuri kamili. Hakuna mtu nchi hii asiyeogopa sifuri. Ndipo kila kanuni ya kupaka inapovunjika. Lakini jioni hii theluji ilikuwa uji mtupu. Basi ni gundi. Nimepaka kabisa leo ili kuokoa muda kesho. Uamuzi wa busara, kwa ushahidi uliopo.

Jumapili, 16 Februari

Ushahidi ulibadilika. Kumeganda vikali, na juu yake imeanguka theluji mpya, kavu kama unga.

Embla akapiga hatua ya kwanza. Theluji ikanata chini ya Soseji. Hatua ya pili, ikanata chini ya Mjomba. Kila alipokanyaga alipanda juu. Muda si muda mwanangu alikuwa amesimama juu ya matofali mawili meupe, hawezi kwenda mbele wala nyuma, mikono kiunoni. Nikakimbia kumsaidia, nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka tena kwa upande mwingine.

"Mama, sasa mimi mrefu kuliko wewe," akasema. Kwa wakati ule ilikuwa kweli.

Nikataka kumvua. Akakataa katakata. Alisema anaona mbali. Akanywa kakao akiwa amesimama vile vile, kama sanamu ya mtu aliyeikomboa nchi. Wapita njia wakatusalimu mmoja mmoja kwa bashasha, watu wale wale ambao mjini wasingekutazama usoni hata mkikwama pamoja kwenye lifti. Bwana mmoja akasimama, akatazama chini ya ski kwa muda mrefu, akauliza kwa sauti ya msibani kama ile ni gundi. Nikamwambia ni mbinu. Akasema alikuwa anauliza tu, dada, akaenda zake akitikisa kichwa.

Gundi iko kwenye nywele zangu, kwenye chupa ya kakao, kwenye tasnifu bora kuliko zote, na kwenye ukurasa uliotangulia huu, ambao sasa haufunguki. Petroli haipo. Siagi haisaidii.

Tathmini: mtoto hakusogea. Lakini mtoto hakulia. Sina hakika ni kipi kati ya hivyo viwili ndicho matokeo.

Jumanne, 18 Februari

Balaa. Nilikuwa napasua kuni nilipoona kidoa chekundu katikati ya ziwa. Kikakua. Kikawa kofia. Chini ya kofia, Gunnvor.

Ramani yangu ilionyesha barabara inayozunguka ziwa. Haikuonyesha kwamba majira ya baridi ziwa lenyewe, likiganda, ndilo barabara. Watu wa mlimani hawaandiki jambo hilo kwenye ramani kwa sababu hawajawahi kufikiri kwamba yupo asiyelijua. Bibi wa zaidi ya miaka sabini amevuka barafu moja kwa moja, begi mgongoni, na hata pumzi haikumpanda. Amesema alikuwa anapita tu. Kwenda wapi, hakusema.

Nilikuwa nimemwagiza Embla asizungumze habari za gundi. Salamu hazijaisha, akamwambia: "Bibi, mama kanipaka gundi nikawa mrefu."

Gunnvor hakucheka. Afadhali angecheka. Alitoa kisu, akaketi kwenye ngazi, akazikwangua ski zote mbili mpaka zikawa safi, akanusa hewa, akapaka nta ya buluu kwa mkono uliotulia. Kisha akampeleka mtoto kwenye njia na kutoa maagizo. Goti likunjwe. Macho mbele. Fimbo si za kuchezea. Kakao ni huko juu, si hapa chini.

Na Embla akateleza. Lazima niandike ukweli: aliteleza vizuri mno, mbali, mikono imepanuka, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla sijakumbuka niko upande gani. Kisha akaanguka. Nikatoka mbio. Gunnvor akanyoosha fimbo mbele yangu kama kizuizi cha forodhani. Mtoto huinuka mwenyewe, alisema, ndivyo wanavyojifunza.

Hakuinuka. Alilala chali, akatazama mawingu, akasema bila kupaza sauti: "Sitaki ski. Maisha yangu yote sitaki."

Gunnvor akaifuta theluji kwenye glavu zake.

"Umesikia mwenyewe, mwanangu. Kazichukia. Pasaka ni yangu."

"Amezikataa ulizopaka wewe, mama. Nilizopaka mimi alikataa kuzivua."

"Zako hazikuwa zinakwenda."

"Ndiyo maana hakuanguka."

"Watoto wote wa ukoo huu nimewafundisha mimi. Mlima huu huu."

"Na ni nani kati yao anayekuja kukuona?"

Nililisema kwa haraka, na hoja yenyewe haikuwa na kasoro. Vegard hajakanyaga kibandani kwake tangu harusi yetu. Gunnvor alikaa juu ya begi lake, akamenya chungwa, akampa Embla vipande vyote, kimoja kimoja, bila kubakiza chake. Embla akavila akiwa bado amelala chali. Kisha bibi akafunga begi, akavuka ziwa. Sikuacha kumtazama mpaka kofia ikawa kidoa tena.

Nimeshinda mabishano. Nimejaribu kulifurahia hilo tangu saa ile. Huenda nimechoka tu.

Ijumaa, 21 Februari

Nyumbani Oslo. Vegard amekuja kusikiliza shauri. Mama yake alikuwa amekwisha kumpigia. Mimi nilikuwa nimekwisha kumwandikia, kwa aya zenye namba. Akaviweka vyote pembeni, akachuchumaa mbele ya Embla, akamuuliza swali moja: anataka kurudi kwenye ski, au hataki?

Nilishika kiti. Sioni aibu kuandika hivyo.

Embla alifikiri. Akaomba biskuti kwanza, akapewa. Kisha: "Nataka zile za mama. Za kusimama."

Vegard akanigeukia, akasema, haya, Torunn, lakini kusimama si kuteleza. Nikamwambia kwamba mapatano yetu yalitaja kutaka kurudi. Suala la mwendo hayakuligusa popote. Nilikuwa na ujumbe wake mkononi, nikamsomea. Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Nilisahau kwamba anaweza kucheka vile. Akasema atamweleza mama yake mwenyewe, na safari hii atakwenda kumweleza ana kwa ana.

Pasaka ni yangu.

Tofauti kati ya ushindi na bahati naifahamu, nimeifundisha muhula mzima. Lakini nikipima kila kitu, mbinu yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Jumapili, 2 Machi

Gunnvor amepiga simu. Si wakati wa chakula. Amesema Vegard alikwenda kibandani kwake, akalala huko, wakapasua kuni pamoja, na hilo alilitaja mara mbili kana kwamba halina maana. Kisha akauliza. Akauliza! Akasema, kama haitakuwa usumbufu, je, anaweza kupita kwetu Pasaka? Hatafundisha. Hatanusa hewa. Atakaa juani, mgongo ukutani, amenye machungwa, amtazame mtoto.

Nilijua kabisa jibu linalofaa. Neno lenyewe ni moja, na Embla, aliyekuwa akining'inia mguuni kwangu, alikuwa ananinong'oneza nimwambie bibi aje. Nikasema karibu, mama. Nikasema kwa moyo mweupe. Ningekata simu hapo, hii ingekuwa shajara ya mtu mwingine.

Nikasikia sauti yangu ikiendelea. Ikasema ajitahidi kuwahi, maana kuteleza kwa kawaida tumekwisha kuachana nako, na Pasaka hii Embla na mimi tutakuwa tunaruka. Ndiyo, kutoka kwenye kilima cha kurukia, ambacho mtu hukiteremka kwa ski mpaka akarushwa hewani. Kile kidogo, kwa kuanzia.

Gunnvor akauliza, taratibu sana, kama nimesema "tutaruka", sisi wote wawili.

Nikasema ndiyo.

Akasema basi atakuja mapema.

Nimeazima maktaba kitabu cha fizikia ya kuruka kwa ski. Sura za mwanzo hazina ugumu wowote. Kutua kumewekwa huko mwishoni kabisa, na sioni haja ya kuharakisha.