Malalamiko Kuhusu Kuku Wangu na Damu ya Mke Wangu

Kimilili,
Agosti 1954

Kwa Bwana Daktari Mheshimiwa, Kitale

Baada ya salamu nyingi na heshima zote, naja kwako kumshtaki mkunga wako, Jerono. Mke wangu Nakhungu alijifungua mtoto wa kiume huko kwenu, akachanika, akashonwa. Hapo sina neno. Lakini kidonda hadi leo hakijafunga, na akisimama anashikwa na kizunguzungu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jerono alimdunga kidole, akadondosha damu kwenye karatasi, akailinganisha na rangi nyekundu zilizochapwa kitabuni. Akasema damu ni nyepesi, na damu nyepesi haiponyi kidonda. Mimi niliyehangaika barabarani kumpelekea uji sikudungwa hata ukucha.

2. Akaagiza Nakhungu ale mayai, maini na kuku. Kuku, Bwana Daktari! Kwetu Wabukusu mwanamke humfuga kuku, humnyonyoa, humpika, humtenga mbele ya mumewe, kisha hurudi jikoni. Mpango huu haujawahi kulalamikiwa na mwanamume yeyote.

3. Shangazi zangu walionya kwamba akionja tu, litatokea jambo baya. Limetokea. Ameomba mnofu mwingine.

4. Sasa ugonjwa umeenea. Peris, mke wa jirani, naye hupata kizunguzungu kila asikiapo harufu ya mchuzi wangu. Shemeji yangu Wabwile alipokuja nilimwandalia kunde badala ya kuku. Alikula, akaaga, na hajarudi tena.

Ombi langu ni dogo. Kanisani tuliambiwa mume na mke ni mwili mmoja. Basi amuru kuku nile mimi, damu iingie kwake. Niko tayari kuanza leo, na dozi ikiwa kubwa sitanung'unika.

Nisalimie wauguzi, wagonjwa, mpishi na bawabu wa langoni. Hata Jerono msalimie, ila yeye kidogo tu.

Ni mimi mtiifu wako, mwenye njaa,
Bramwel Wepukhulu

Tanbihi: Mama yangu naye alichanika akimzaa dada yangu. Kidonda kikakataa kupona, akafifia hadi akatutoka, na kuku walikuwa wamejaa uani. Siku ya matanga walichinjwa wote, wakaliwa na wanaume. Mimi, mtoto, nilipewa firigisi, nikafurahi. Barua hii ichane, Bwana Daktari. Mwambie Jerono aje na karatasi zake. Jogoo nimemkamata mwenyewe, yuko jikoni, ni wa Nakhungu kula.