Lori la Jeshi na Upadre wa Shemeji Raymond

Jumatatu, 8 Julai
Upepo wa Sumbawanga leo unakata masikio. Lakini rangi imekauka! Lori langu, la zamani la jeshi, limekuwa jipya. Kijani kitupu. Nimepaka bodi, chesisi, boliti, hadi uvunguni. Nilifungua kila waya, nikapaka chini yake, nikafunga tena. Mke wangu Evodia akauliza kama linawaka. Swali gani hilo! Gari la jeshi.

Jioni kikao cha kigango. Jumamosi Raymond, mdogo wake Evodia, anapewa upadre Namanyere. Nani ataipeleka kwaya? Mathias akakohoa, kile kikohozi cha mwenye Fuso. Mathias ni mwanyumba wangu, kaoa dada yake Evodia. Nikasimama kabla hajamaliza kukohoa. Nikasema mimi, Felisian, nitabeba kwaya nzima, ngoma, kinanda na mbuzi wa zawadi. Makofi! Evodia hakupiga.

Jumanne, 9 Julai
Nimewasha swichi. Tik. Nimerudia. Tik.

Stata. Nimeifungua, ikaniangukia mguuni. Nimeiosha kwa mafuta ya taa, nimeirudisha. Tik!

Basi ni nyaya. Nyaya za jeshi zote zina rangi moja, kila mmoja umevishwa kibati chenye namba. Vibati vinanizuia kuona. Nimeving'oa vyote, vimejaa kopo. Sasa nyaya naziona vizuri sana. Sijui tu upi ni upi. Nimeunga kwa kukisia, nikawasha swichi: waipa zikacheza. Ni maendeleo. Umeme upo!

Evodia kaleta chai. Anadarizi kasula ya Raymond, vazi lake la misa. Mama yao alifariki Raymond akiwa mdogo, Evodia ndiye aliyemlea. Kwa hiyo ndiye atakayempelekea kasula altareni. Aliniuliza jambo moja tu: nina hakika? Nikasema mia kwa mia.

Jumatano, 10 Julai
Nimegundua! Betri. Lori linatumia mbili. Fuso la Mathias pia linatumia mbili, na Mathias kaenda Ilemba na pikipiki kutafuta mpunga.

Nimemwendea shemeji Hellena, mkewe, nikamwambia mimi na mumewe tumekubaliana. Si uongo. Angekuwepo, tungekubaliana. Nimechukua betri yake moja, nikamwachia moja yangu ili Fuso lisikae na pengo. Uungwana huo.

Nimefunga. Tik. Halafu honi ikaanza kulia yenyewe! Ililia mpaka majirani wakatoka na vijiko vya ugali mkononi. Mmoja akauliza kama ni msiba.

Alhamisi, 11 Julai
Mathias kaja asubuhi, mnyonge. Fuso limegoma. Aliwasha likakoroma kidogo, basi. Kaniuliza mimi! Mathias! Kwamba siku hizi nashinda kwenye nyaya, pengine nina mwanga.

Nilipaswa kusema. Mdomo ukafunguka, likatoka neno stata. Nikamshauri aifungue yote, asafishe kila kitu. Kanishukuru kwa mikono miwili. Kutwa nzima namwona pale uani kwake, kalala kwenye baridi chini ya Fuso.

Ijumaa, 12 Julai
Siku kubwa! Nimemwomba jirani yangu Kashinje maksai wake. Msukuma huyu ana maksai wanaong'oa visiki. Tumefunga mnyororo, nimeweka gia. Kashinje akapiga mluzi, lori likasogea, likasogea, nikaachia klachi. Likanguruma! Maksai wakatimua mbio na mnyororo wao hadi shamba la ulezi. Limewaka! Nimepiga vigelegele mwenyewe, kwa kuwa Evodia alikuwa ndani.

Nikalizima ili kuokoa mafuta. Nikawasha tena. Tik.

Kashinje kawafuata maksai, karudi nao. Kasema, “Felisian, ng'ombe wangu wamechoka. Mimi pia.” Kaondoka.

Niliingia ndani nikamkuta Evodia anakunja kasula, anaiweka kwenye begi. Kasema atadandia basi la alfajiri peke yake. Hakugomba. Afadhali angegomba.

“Raymond atanitafuta kwa macho pale altareni, Baba Angela,” kasema. “Sitaki akose kuniona.”

Nimetoka nje nikakaa kwenye tairi. Hapo ndipo Mathias akaja kuazima spana. Akachungulia chini ya bodi. Akaona betri yake, jina lake kaliandika juu kwa rangi nyeupe. Mimi nikatazama mawingu.

Nilingoja ngumi. Sikuwa na la kujitetea. Nikamwambia yote, Hellena, betri na ule ushauri wa stata. Akavuta pumzi. “Mwanyumba,” kasema, “kwa nini hukuniomba?” Nikamwambia kwa sababu ungenipa.

Akacheka! Halafu akainama, akashika ule waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi. Akauliza nani kapaka rangi hapa chini. Nikasema mimi, kwa mkono wangu, mara mbili. Akatoa kisu, akakwangua mpaka chuma kikang'aa, akakaza boliti. Kasema umeme haupiti kwenye rangi. Akaileta betri yangu kutoka kwenye Fuso, akairudisha mahali pake, yake akaiweka kando. Kasema washa.

Vruuum!

Kumbe ile betri niliyomwachia imechoka kidogo: lori linaivumilia, Fuso halikuweza. Lakini Fuso lenyewe stata iko vipande vipande uani, kwa ushauri wangu. Basi Mathias na Hellena watapanda kwangu. Kwenye siti ya mbele. Nimemwambia Evodia atoe kasula kwenye begi isijikunje. Katazama lori, kamtazama Mathias, kisha akaitoa.

Jumamosi, 13 Julai
Namanyere. Vumbi, nyimbo, mbuzi kala ua la mwalimu wa kwaya. Tumefika!

Sikulizima lori. Sitalizima tena! Limenguruma nje ya kanisa kutoka wimbo wa kwanza. Mzee wa mlangoni kaja kuomba nizime, nikasema haiwezekani, nikabaki nimelilinda. Mathias akatoka ibadani. “Nenda ndani. Mkeo anapeleka kasula. Nitakaa na gari.”

Nikakimbia. Nimesimama nyuma ya nguzo. Evodia anatembea polepole, kasula mikononi. Raymond kasimama anamtafuta, akamwona. Evodia akamkabidhi. Nimelia kama mtoto. Mtu wa benchi la karibu kanipa leso.

Nilipotoka, kimya! Mathias kalizima. Moyo ulinipasuka. Akazungusha swichi kwa kidole kimoja. Vruuum.

Jumapili, 14 Julai
Padre Raymond kaadhimisha misa yake ya kwanza kigangoni kwetu. Katikati ya mahubiri jenereta ikazima, spika kimya. Watu wakaanza kuulizana wamwite fundi gani.

Fundi! Kifuniko nilikuwa nimeshakifungua.

Padre kahubiri kwa sauti yake mwenyewe na watu wamesikia vizuri tu. Jenereta nimeileta nyumbani. Iko sebuleni, ndani ya mabeseni matatu, na la nne Evodia kakataa kunipa. Kesho kutwa kuna harusi inayoitegemea. Nimewaambia wenye harusi walale usingizi.