Mnada wa Duka la Mlango Mmoja

Tegeni masikio, enyi mlioketi na mliosimama, na anayetafuna aache kutafuna! Nawasimulia vita alivyopigana shangazi yangu, Fundi Cherehani, Malkia wa Pindo, siku benki ilipolipiga mnada duka la mlango mmoja la mtu aliyeshindwa kulipa mkopo. Nilikuwepo, kiti cha tatu. Anayebisha aje tubishane.

Miaka ishirini shangazi alishona kwenye baraza za watu, akifukuzwa kila mwenye baraza alipoamka vibaya. Sasa yeye na mumewe walikuwa na akiba ya milioni tisa, haizidi hata senti. Wakala njama waketi mbalimbali, matajiri wasijue kuwa hao ni jeshi moja. Hila tamu! Ila katika kupanga nani aketi wapi, walisahau kupanga nani atainua kibao cha namba.

Dalali, mwenye koo la radi, akaita bei. Kibao cha shangazi kikapaa. Nyuma ya nguzo kikapaa kingine. Milioni saba! Nguzo ikajibu. Nane! Nguzo haina haya, ikapanda hadi nane na laki nane. Matajiri wakaguna, wakajitoa mmoja mmoja. Shangazi, jasho likimchuruzika, akatamka, "Milioni tisa kasoro laki!" na ghalani mwake ikabaki risasi moja tu, ile laki ya mwisho.

Akasimama, kiti kikaanguka. "Ewe ujifichaye nyuma ya nguzo! Mlango huu nimeuota miaka ishirini, nawe umeuona leo asubuhi! Jitokeze nikuone, kama kweli u mwanamume!"

Nguzo ikakohoa. Akatokea mumewe, kibao kimeinuliwa nusu.

"Mke wangu! Kumbe ni wewe? Mimi hapa nakupigania!"

"Unanipigania kwa kunipiga?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dalali, huku akifuta machozi, akagonga nyundo: moja, mbili, tatu, limeuzwa!

Karani akauliza hati iandikwe jina la nani. Shangazi akafungua mdomo aseme ni la wote wawili, mumewe akamuwahi: "Andika lake peke yake. Mimi nimeshindwa kihalali."

Shangazi akalia palepale mbele za watu, nami nikalia naye, sioni aibu kusema.

Basi waandishi wa historia waandike: saa sita kasoro robo mchana, Malkia wa Pindo alimshinda mumewe kwa laki moja, na ukumbini hakuna aliyepiga makofi kama yule aliyeshindwa.