Nambari Moja ni Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza. Mkurugenzi wa studio ametuita wote. Kuanzia sasa hakuna kuzunguka na diski mifukoni. Imeletwa seva, itakaa stoo kwenye ubaridi na kutunza picha na sauti zote, na kila mhariri ataifikia kwa waya kutoka mezani kwake. Atakayeunganisha mtandao huo ukakubali kufikia Ijumaa, siku wateja wa tangazo la sabuni wanakuja kutazama, ndiye msimamizi wa chumba cha uhariri. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza. Shemeji, kaka yake mke wangu, mtu wa sauti, naye alinyoosha, ila polepole, kama anaomba ruhusa ya kwenda msalani. Nikapewa mimi. Mke wangu alimpigia mama yake kabla sijavua viatu. Sasa mama mkwe ananiita Bwana Msimamizi. Hapo tena hakuna kurudi nyuma.

Jumanne, 4 Machi
Fundi aliyeleta seva alisema kila kompyuta ipewe nambari yake, zisigongane. Alikuwa na mengine ya kueleza, lakini mimi naelewa haraka. Nambari ni heshima. Nikajipa moja. Mkurugenzi mbili. Mhariri wa picha, tunayemwita Mkasi, tatu. Dada wa mapokezi nne, maana chai inapitia kwake. Shemeji nilimpa mia mbili hamsini na nne. Zaidi ya hapo mashine ilikataa. Nilijaribu.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Picha zinaganda. Mkasi amepoteza kazi ya asubuhi nzima, akaniuliza kwa upole kama nina uhakika na ninachokifanya. Afadhali angenitukana. Ajabu ni kwamba nilipozima kompyuta yangu kwenda kula, kila kitu kilitulia. Nikarudi, nikawasha, vikaganda. Si bure. Kuna mtu ananivizia nirudi ndipo avuruge, na mwenye nia hiyo ni mmoja tu. Nimehamishia waya wa Shemeji kwenye swichi ya zamani, kile kisanduku cha kuunganishia nyaya ambacho taa zake huwaka kwa kusitasita. Mchana kutwa sauti zake zilikatika kama mtu mwenye kwikwi. Picha bado ziliganda.

Alhamisi, 6 Machi
Mkurugenzi alitaka tumwite fundi. Nikasema hakuna haja. Jioni Shemeji alikuja nyumbani, akala, kisha akasema kama sitajali aziangalie zile nambari pamoja nami. Nikamwambia asijisumbue. Mke wangu alinikata jicho. Lakini nimepata njia. Kesho siendi kazini. Wateja watafika, mambo yataharibika bila mimi, Shemeji ataumbuka, nami nitapigiwa simu ya kubembelezwa. Nimeshaanza kukohoa ili mke wangu azoee.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda kitandani na simu kifuani. Haikulia. Nikaazima ya mke wangu na kujipigia, nione kama ni nzima. Ni nzima. Jioni Shemeji alipita kunijulia hali, na machungwa mkononi. Anasema picha hazikuganda hata kidogo. Wateja wamefurahi. Mkurugenzi amemfanya yeye msimamizi palepale. Amejitetea kwamba hakugusa kitu, alikunywa chai tu, wakasema huo ni unyenyekevu. Mke wangu alimpigia mama yake kumwambia cheo hakijatoka nje ya familia. Nimeumia. Nilikitaka kile cheo kwelikweli. Machungwa yalikuwa matamu, na hilo likaniudhi.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi amekuja. Kumbe nambari moja alishaipa seva yenyewe. Kila nilipowasha kompyuta yangu, zote mbili ziliitika kwa nambari hiyo hiyo, na wahariri waliokuwa wakiitafuta seva wakaletwa kwangu, ambako hakuna kitu. Mkasi alikagua kucha zake. Shemeji ndiye aliyesema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba kosa kama hilo linaweza kumpata yeyote, akaniomba niwe msaidizi wake. Kisha akanipa neno la siri la seva nilitunze mimi peke yangu, kwa kuwa ni ndugu. Nusura nilie.

Jumanne, 11 Machi
Nimelala nikalifikiria. Kuwa msaidizi si neno, mradi wasiweze kwenda popote bila mimi. Leo walipotoka kwenda kula nimelibadilisha lile neno la siri. Kesho wakitaka kufungua seva watanifuata mezani kwangu, Mkurugenzi akiwa mbele, na hapo tutaongea vizuri habari za vyeo. Nimechagua refu, gumu, lisilohusiana na chochote. Sikuliandika popote, maana Shemeji ana macho. Mke wangu amefurahi kuniona natabasamu tena. Nimelirudia kichwani tangu nitoke kazini, na nalikumbuka lote vizuri, isipokuwa pale katikati.