Udongo wa Juu ya Mti

Jumatatu, 13 Machi 2006

Mwalimu Chen kasema mradi wa sayansi ni wa wawili wawili. Kabla hajamaliza, wote wameshashikana. Nimebaki mimi. Na Dalila, mgeni kutoka Zanzibar, mtu pekee katika shule hii ya ugenini wa kusema naye Kiswahili. Wiki ya tatu hii, sijamsemesha.

Mada: misitu ya kale ya nchi za baridi. Majani huozea juu kwenye matawi, yanakuwa udongo, na mti hutoa mizizi kwenye tawi lake mwenyewe ukala humo. Nikaukumbuka mti mkubwa wa uani hapa shuleni, ule wa mizizi ya kuning'inia. Mpango: nivumbue udongo huko juu, Dalila aje mwenyewe kuniomba tuwe wawili.

Jumanne, 14 Machi

Nimepanda wakati wa chakula. Kwenye panda ya tawi, chini ya kangaga: udongo mweusi, laini. Na mnyoo! Usawa wa ghorofa ya pili, kafikaje? Vizizi vya mti wenyewe vimezama humo, vinanyonya. Nimejaza mfuko. Kushuka, nimekwama tawi la chini kabisa. Nikajipa moyo, watanitafuta. Kengele ikalia. Wapi.

Akapita Dalila. "We kaka, wateremka au ushahamia?" Nikasema nafanya utafiti. Akaleta kiti, akakishikilia mpaka nikashuka. Asante haikutoka.

Jumatano, 15 Machi

Baba kaenda mji wa Shiling kununua mikoba ya biashara, analala huko. Wali peke yangu. Nimeotesha choroko nilizoloweka tangu jana, kikombe kimoja udongo wa juu, kingine wa uani. Nimezitakia usiku mwema. Angalau hizo zinasikia Kiswahili.

Alhamisi, 16 Machi

Za udongo wa juu zimechipua kwanza! Nimevileta vikombe shuleni. Dalila kachuchumaa, kauliza hili na lile, mwisho: "Una mwenzio, au nije mie?"

Hapo nikatumia akili. Baba hufundisha: pale sokoni Guangyuan Xilu, ukipenda koti usionyeshe. Sema ghali, geuka, ondoka. Mwenye duka atakukimbilia mwenyewe. Nikasema bado nachagua watu. Nikageuka. Nikaenda polepole, masikio yote nyuma.

Sikuitwa.

Ijumaa, 17 Machi

Dalila yuko na Tom, yule Mghana, na mwenzake. Mwalimu karuhusu watatu. Wanaongea Kiingereza, wanacheka.

Nimesimama mbele peke yangu. Mwalimu kasifu udongo, kauliza mwenzangu nani. Nikaonyesha choroko. Darasa zima likacheka. Dalila hakucheka.

Nimefikiri sana, kosa nimeliona. Nilitembea polepole mno, akajua namhitaji. Jumatatu nampita mbio, hata salamu simpi.