Benchi la Wasioshuka

Ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti na chini ya maturubai matatu, kwamba kuanzia Jumatatu saa mbili asubuhi hakuna mwananchi, kutoka Migori hadi Homa Bay, atakayeruhusiwa kuwa na presha inayozidi 130 kwa 80. "Dunia imeshusha lengo," alisema Mkurugenzi Kerosi wa Sekretarieti ya Pamoja ya Ushushaji Presha, "nasi hatuwezi kubaki juu." Dawa hazikutajwa. Kerosi aliona si adabu kuchanganya mkakati na vidonge.

Waraka wake ulijaa hekima, hasa kifungu cha nne: mgonjwa atapimwa, atapimwa tena, wala hataondoka kituoni kabla lengo halijafikiwa.

Katika zahanati ya Nyakwaya, nje kidogo ya Magunga, muuguzi Phelesia alikuwa na mashine moja na benchi moja. Kufikia saa tisa benchi lilikuwa limejaa watu wasioshuka. Bathsheba, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, alikuwa amepimwa mara saba: 182.

"Sister, omena yangu iko kwa jua na mvua inakuja. Hii presha itashuka nikiangalia ukuta?"

Phelesia akaandika 128. Akawaandikia wote 128, wakaenda zao kupika.

Ripoti ilipomfikia Kerosi, nusura alie. Asilimia mia! Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kuandika ripoti ya robo mwaka. Na kwa kuwa ni upuuzi kuwapa dawa watu waliokwisha kupona, akatia saini vidonge vyote vya Nyakwaya virudishwe stoo Migori, vikasubiri kituo kitakachothubutu kuwa na wagonjwa.

Wiki tatu baadaye alikuja mwenyewe kukabidhi kikombe cha ushindi. Bathsheba alikuwa benchini, kichwa kikimgonga, wiki tatu bila kidonge. Kerosi alimpongeza kwa 128 yake. Kisha, katikati ya hotuba yake, macho yakamwingia giza. Phelesia akamketisha, akamfunga mashine mkononi.

"Mia mbili na nne, mkurugenzi."

"Rudia."

"Mia mbili na tisa."

"Basi nipe dawa, dada yangu."

"Ziko Migori. Sahihi yako ndiyo hii."

Kerosi aliitazama chini ya amri ya kurudisha vidonge. Ilikuwa saini nzuri, yenye mkia mrefu.

"Niandikie 128 niende hospitali."

"Nikiandika hiyo, wewe ni mzima. Mtu mzima anaenda hospitali kufanya nini?"

"Andika ukweli basi." Aliogopa sasa, na hakuona haya kuogopa.

"Nikiandika wako, naandika wa wote." Phelesia alimsogezea karatasi ya kuagiza dawa zirudi. Kerosi akatia saini, mara hii bila mkia. Pikipiki ikaondoka na karatasi hiyo, mwendo wa saa sita kwenda na kurudi.

Kerosi akainuka aelekee kwenye gari lake.

"Kifungu cha nne," alisema Phelesia.

Bathsheba akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi. "Keti hapa, baba. Na hicho kikombe weka chini, mkono upumzike. Hapa tunaangalia ukuta."