Mashine Ilivyokula Kravati ya Kamate

Habari ilifika kwenye baraza la mama Dancille, mtaani Mapendo, kabla ya mwenye habari. Aliyeileta ni Habarurema, ambaye sisi tunamwita Radio, kwa sababu akishaanza hazimiki na nusu ya maneno yake ni mikwaruzo.

"Batu ba Mapendo," alisema hata kabla ya kukaa, "Kamate amekatwa shingo ku atelye. Mashine mupya ya patron Édouard imemukula."

Mama Dancille alikuwa anamimina kahawa. Hakumwaga hata tone.

"Shingo yote?"

"Yote."

"Na kichwa iko wapi?"

"Mama, mimi sikwenda kuokota vipande. Niliambiwa."

Mimi nashona viatu pembeni mwa baraza hilo, kwa hiyo nawajua wote kwa nyayo. Kamate, mtu wa Butembo, ni seremala kwenye atelye, yaani karakana, ya mzungu Édouard tunayemwita patron, na jina lake pale kijiweni ni Kravati. Huranda mbao akiwa amevaa tai. Anasubiri kadi ya évolué, ile karatasi ambayo serikali ya Wabelgiji inampa mtu mweusi ikisharidhika kwamba anaishi kama mzungu. Tume inakuja nyumbani kwako, inaangalia kama unakula kwa uma, kama mke anakaa mezani, kama madirisha yana mapazia. Kamate alisikia kwamba tume inaweza kupita hata kazini bila kupiga hodi. Tangu siku hiyo hata jasho lake linatoka likiwa limefungwa tai.

"Nilimuambia," Radio aliendelea. "Mutu hawezi kujifunga kamba ya kunyongwa, kiisha aende mwenyewe mbele ya mashine. Sasa ile kinga yake? Mke wake Angèle hajui kuiendesha. Baiskeli ikikaa bure inaoza."

"Mumewe hajazikwa, weye uko unapanda baiskeli," nikasema.

"Niko nauliza tu, papa. Kuuliza si kupanda."

Kwenye benchi alikuwepo pia Twagirayezu. Huyu ndiye mwangalizi wa mota inayotoa umeme wa atelye, na tunamwita Mazuti, maana akigusa andazi la kwanza, sinia lote linanuka dizeli. Siku hiyo kikombe kilikuwa kimemziba uso.

"Mazuti, weye ulikuwa kule," nikamwambia. "Kamate amekufa ao hapana?"

"Nilipotoka alikuwa anapumua."

"Na ulitoka mbio juu ya nini?"

Akanywa kahawa. Kikombe kilikuwa kitupu, na wote tulikiona.

Radio alikuwa anatafuta nani atasoma maneno kwenye mazishi, mara Kamate mwenyewe akatokea kona, kwa miguu, kitambaa cheupe kimezungushwa shingoni. Chini ya kitambaa kilining'inia kipande cha tai, kifupi kama ulimi wa mbuzi. Radio akafanya ishara ya msalaba.

"Shusha mukono," Kamate akamwambia. "Niko muzima. Mama, nipe kahawa, tia sukari mingi."

Alikaa.

"Sasa sema," mama Dancille akamwambia. "Huyu alishakuzika."

"Ni ile defonsezi," Kamate alisema. "Mashine ya kuchimba mifereji mu mbao. Haina meza. Unaishika na mikono mibili, unaikandamiza, kisu kinashuka kinakula ubao. Ukiachia, springi inakipandisha. Nilikuwa nachimba mbao za kabati ya masista. Ubao niliushikilia na goti."

"Na goti?"

"Na goti, mama. Bibano bya chuma biko pale, lakini kubifunga na kubifungua inachelewesha. Nilitaka patron aone niko mutu ya mwendo."

"Goti ni ya kusali," mama Dancille alisema. "Endelea."

"Badala ya kushusha kisu kidogo kidogo, nikakishusha chote mara moja. Ubao ukaruka. Nikainama nione imekuwa nini, kravati ikaingia." Akanigeukia mimi. "Unaona vile unavuta uzi mu kiatu? Ilinivuta vile. Kisu iko inakuja ku pua. Nikakumbuka asubuhi nilimukatalia Angèle kwenda kumuona mama yake. Nikasema, Bwana, nitaenda, na kuku nitabeba."

"Kuku uliahidi kweli?" Radio aliuliza.

"Mbili. Na pale pale mashine ikalegea, ikalegea, ikasimama. Hakuna mutu aliyeigusa. Atelye yote kimya. Florent, mwenzangu wa atelye, ndiye alikuja kukata kravati na makasi. Ule ni mukono ya Mungu. Jumapili naombesha misa."

Mazuti akakohoa. Kisha akakohoa tena, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Ile misa, acha kwanza," alisema.

"Juu ya nini?"

"Haikuwa mukono ya Mungu. Tanki ya mota ilikwisha mazuti."

"Tanki inakwishaje asubuhi? Unaijaza kila siku."

Mazuti aliangalia viatu nilivyokuwa navyo kana kwamba kimoja ni chake. "Leo nilitia nusu. Nusu ingine ilienda Rutshuru na shofere moja ya kamyo."

Nikaweka sindano chini, maana nilidhani patapigwa mtu. Kamate alimgeukia Mazuti, mkono wake ukapanda wenyewe shingoni.

"Kwa hiyo nimeokolewa na mwizi."

"Haina ubaya," Radio alisema. "Ku Kalvari pia kulikuwa mwizi muzuri."

"Ule alitubu," mama Dancille akamjibu. "Huyu iko na dumu lingine chini ya kitanda."

Mazuti akamsogelea Kamate. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Papa Kamate, patron amesema kesho asubuhi anataka kujua mota ilizima juu ya nini. Akihesabu mazuti, mimi nimekwisha. Kule kwetu Masisi sina hata shamba. Niko na batoto."

"Ulifikiria batoto wakati ulikuwa unamimina?"

"Nilikuwa nabafikiria bao tu. Ndiyo maana nilimimina."

Kamate alimaliza kahawa na kuinuka, na mama Dancille akamshika mkono wa shati.

"Kesho utavaa tena ile kitu ku shingo?"

"Mama, na tume ikipita?"

"Tume ikikuta mutu hana kichwa, ku kadi watabandika picha gani?"

Kamate alichomeka kile kipande cha tai ndani ya shati, akaenda kwake.

Asubuhi yake tulikwenda kuchungulia kwenye dirisha la atelye. Nasema tulikwenda, lakini hata mama Dancille aliacha sufuria yake kwa jirani. Kamate aliingia na tai mpya, ndefu, ya rangi ya damu ya mzee. Radio akanikanyaga mguu. Kamate alisimama mbele ya mashine, akaitazama kama mtu anayetazama mbwa aliyemwuma jana. Halafu akavua tai, akaikunja, akaitia mfukoni. Mama Dancille akashusha pumzi mpaka kioo kikafanya ukungu, ikabidi tukifute ili tuone.

Akakunja mikono ya shati. Ubao akaubana mezani kwa vibano, akausukuma na kuuvuta kwa nguvu, haukucheza. Kabla ya kukaza kisu alichomoa kwanza waya wa umeme, tena aliushika ncha yake mkononi ili asijidanganye. Akaurudisha waya, akavaa miwani mikubwa ya kazi iliyomfanya afanane na bundi. Kisha akashika mishikio yote miwili. Kisu kilishuka kidogo tu. Akapita mara ya kwanza, akaongeza kina kidogo, akapita tena. Alipomaliza hakuiweka mashine chini mpaka kisu kilipoacha kabisa kuzunguka. Mfereji ulinyooka.

Ndipo patron Édouard akaingia, akatazama ubao, akatazama shingo ya Kamate iliyofungwa kitambaa.

"Sasa nani ananiambia? Jana mota ilizima juu ya nini?"

Mazuti alikuwa mlangoni, anapangusa mikono iliyokwisha pangusika. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama majivu ya volkano ya Nyiragongo. Kamate akavua miwani taratibu. Mimi ninayemjua najua kwamba hajawahi kumdanganya mzungu, kwa sababu ya ile kadi.

"Patron, nilipiga kelele," alisema. "Twagirayezu alisikia, akazima. Bila yeye, leo ungekuwa unatafuta seremala mwingine."

Patron akamwendea Mazuti, akamshika mkono mbele ya wote, akautikisa kama pampu ya kisima.

"Mutu ya haraka vile," alisema, "ni vibaya kukaa nyuma ya nyumba na tanki. Toka leo weye simama pembeni ya defonsezi, mukono ku swichi, kazi inaanza mpaka inaisha. Tanki nitampa Florent. Na kufuli nitatia."

Jioni baraza lilijaa. Tume haikupita siku hiyo, na Kamate alikuwa ameanza kuzoea kupumua. Kazini alishinda bila tai, njiani akaivaa. Mazuti alikuja mwisho, anachechemea, akakaa mbali naye.

"Karibu, chef ya swichi," Radio alimwambia. "Umepandishwa cheo."

"Nimeshinda nimesimama sawa sanamu ya Bikira," Mazuti alisema. "Hata kukojoa naomba ruhusa. Florent amefunga tanki, ufunguo ameuvaa ku shingo."

"Nilikusifu mbele ya patron," Kamate alisema. "Ulitaka nifanye nini?"

Mazuti alipokea kahawa yake, akaipuliza, akanywa. Safari hii kikombe kilikuwa kimejaa.

"Siku ingine nikikuokoa, papa," alisema, "nishitaki tu."